Nyundo ya Mtani

Nilipokuwa na miaka saba au minane, nyuki waliingia kwenye kinanda cha kanisa letu. Sisi ni Wamoraviani, na kinanda chetu kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kikikanyagwa kinapumua kama ng'ombe mgonjwa. Jumapili moja mwalimu wa kwaya akakaa, akakanyaga, na badala ya wimbo ikatoka ngurumo. Wazee wakadhani Roho kashuka. Mama mmoja wa benchi la mbele akapiga magoti akaanza kutubu kwa sauti, akataja kuni alizomwibia jirani yake, na jirani yake yuko hapo hapo pembeni anasikiliza. Hajamaliza kutubu, nyuki wa kwanza akamchoma kwenye kope. Ndipo tukajua si Roho. Watu walitoka kwa milango na kwa madirisha, na mchungaji alitangulia, nisimfichie. Jumapili tatu tukasali nje juani, na mahubiri yakawa mafupi sana. Wapo waliowaombea nyuki wale wakae mpaka Krismasi.

Aliyewatoa ni mjomba wangu, mrina asali, mtu aliyeonekana kanisani siku hiyo tu na siku ya mazishi yake. Alikuja na mwenge wa moshi, akafungua tumbo la kinanda, akatoa masega, akayakamua kwa mikono palepale kwenye ngazi za kanisa. Asali ile ilikuwa na nta, vumbi, miguu ya nyuki, na nadhani nywele za mjomba. Tuliilamba mpaka kwenye viwiko. Kinanda hakikupona. Noti za chini zilinata, ukibonyeza hazirudi, na nyimbo za Pasaka mwaka ule zikawa ndefu kuliko alivyokusudia Bwana.

Sasa, mjomba alikamua kwa mikono, na baba yake alikamua kwa mikono, na huku kwetu Unyamwezi, na sifa zote hizi za asali ya Tabora, watu bado wanakamua kwa mikono. Mikutano ya asali tunayo, kofia zenye picha ya nyuki tunazo, ila asali yenyewe inapita kwenye vidole vya mtu ambaye hujui asubuhi alishika nini. Hilo ndilo lililowaleta akina mama wa kikundi cha kanisa uani kwangu, Gongoni, miaka michache iliyopita. Walitaka niwatengenezee mashine ya kukamua.

Nilipaswa kusema mapema kwamba mimi ni mhunzi. Shule niliishia darasa la tatu. Wengine wakisimulia hivyo husingizia umaskini ili wahurumiwe. Mimi nilikuwa mzito wa kichwa na mwalimu alikuwa mwepesi wa fimbo, tukaona tusisumbuane.

Nyuma ya nyumba yangu pana kibanda cha mabati ambacho mke wangu anakiita makaburi ya magari. Springi za lori zinaingia pale zinatoka majembe na mapanga. Chuma cha ndani cha shokapu kinatoka tindo. Diski ya plau naipiga inakuwa kikaango, na kama umewahi kula chipsi pale stendi na ukasifu, ujue umekula kutoka kwenye kitu kilicholima mashamba ya tumbaku miaka ishirini. Fuawe langu la kufulia chuma ni kichwa cha ekseli ya trekta nilichokizamisha kwenye gogo la mninga. Feni ya kupulizia moto inazungushwa na gurudumu la baiskeli, na feni yenyewe ilitoka kwenye gari la tajiri mmoja, marehemu. Alipokuwa hai hakuwahi kunipa lifti hata siku ya mvua. Sasa ananipulizia moto kila siku.

Watu wa mjini wananicheka. Wanauza chuma kizuri kwa kilo kwa wale wa malori ya skrepa, chuma kilichobeba tani kumi kutoka Dar, halafu wanaenda dukani kununua jembe jipya linalong'aa, likigusa kichuguu linapinda kama sikio la mbuzi. Wanalileta kwangu nilinyooshe. Nalinyoosha. Simwambii mtu neno, namtazama tu, na kutazama kwangu wanasema kunaudhi.

Lakini mhunzi si mtu mmoja. Hilo wasioijua kazi hii hawalielewi. Mmoja anashika chuma cha moto kwa koleo na nyundo ndogo, anagonga kuonyesha mahali. Wa pili anashika nyundo kubwa, anapiga palepale palipoonyeshwa. Bila wa pili, wa kwanza ni mzee anayechezea mkaa. Mimi bega langu la kulia liliharibika zamani, nilipodondoka na robota la tumbaku kutoka juu ya lori, na toka siku hiyo nyundo kubwa siiwezi. Kwa hiyo kibanda chote kile, moto wake na jina langu lote la ufundi, vilining'inia kwenye mkono wa mtu mwingine. Nikimpoteza huyo, nimekwisha. Nililijua hilo kila asubuhi nilipofungua mlango.

Mtu huyo alikuwa Mzaramo, mtani wangu.

Alikuja akilifuata lori lake. Alikuwa utingo, na lori lilimfia njiani hapa kwetu, mwenye lori akaona kulirudisha pwani ni hasara, akaliuza lilivyo kama skrepa. Vipande vyake vingine vikafika kwangu. Siku hiyo nakata springi, naona kivuli mlangoni, jamaa mrefu, kifua wazi.

"Nani kakuruhusu kumchinja ndugu yangu?" akasema.

"Ndugu yako nimemkuta keshakufa."

"Ulimsomea dua?"

"Sisi kwetu tunaimba."

Akanitazama vizuri. "Mzee, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Mnyamwezi! Mtumwa wangu! Nimezunguka mkoa mzima natafuta mtu wa kunibebea begi!" Akaninyang'anya kofia kichwani, akaivaa yeye, akaondoka zake.

Mtu asiyejua utani angeita polisi. Mimi moyo ulipoa. Babu zetu walitembea kutoka hapa hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu, na waliowapokea kule, wakawatukana, wakawalisha, wakawazika waliokufa, ni babu wa huyu aliyevaa kofia yangu. Tangu hapo yeye ana haki ya kunitukana na mimi nina haki ya kumtukana, na anayekasirika ndiye mjinga. Kesho yake nilimfuata kwenye chumba alichopanga mtaa wa pili, nikachukua sufuria lake likiwa na wali ndani, nikarudi nalo nyumbani. Akaja kulidai. Nikamwambia, "Shika nyundo ile, upige mpaka nishibe." Akapiga miaka kumi na moja.

Kazi yetu ilikwenda kwa matusi. Nasema kweli, si kwa kutia chumvi. Mimi nikigonga kuonyesha mahali, natupa neno; yeye akishusha nyundo, anarudisha neno. "Mla nazi!" Anapiga. "Mpagazi!" Nagonga. "Ngoma siku saba, shamba siku moja!" Anapiga. "Babu yako alibeba pembe miezi mitatu, akalipwa shanga!" Nagonga. "Babu yako alimsubiri kivulini, kalala!" Hivyo hivyo mpaka chuma kinapoa. Mapigo hayapotei hata moja, maana tusi lina mwendo wake, likichelewa limeharibika. Wateja walikuja kutoka Igalula kwa treni, wamesikia habari zetu, wengine jembe hawana haja nalo. Mchungaji wa sasa alikuja kunikanya kwamba kwenye karakana ya mzee wa kanisa yanasikika maneno mabaya. Mtani akamkaribisha kiti, akamwomba aombee bega langu, kisha akamuuliza kama kwenye mbingu ya Moraviani Wanyamwezi wanaingia na mizigo yao au wanaiacha getini. Mchungaji alicheka kabla hajajizuia. Hakurudi kunikanya.

Hakuwa kibarua wangu. Kilichopatikana tuligawana nusu kwa nusu, alikula kwenye sinia langu, na mke wangu alimtukana kama ndugu wa damu. Nalisema hili sasa kwa sababu baadaye nitalihitaji, na halitanisaidia.

Basi akina mama na mashine yao. Nikachukua pipa la ndani la mashine ya kufulia, lile lenye matundu, lisiloshika kutu, lilitoka kwenye nyumba ya wageni iliyofilisika. Nikachukua vyuma vya chesisi, nikasimamisha fremu. Juu nikaweka jeki ya lori, ile ya mafuta, ikandamize masega kwenye pipa. Nilijiona nimefika.

"Hiyo jeki itakuaibisha," mtani akasema. "Jeki ya mafuta huvuja, kama wewe."

"Nyamaza. Wewe jeki uliijulia wapi?"

"Nimelala chini ya lori na jeki kama hiyo mara nyingi kuliko ulivyolala na mkeo."

Sikumsikiliza. Siku ya kujaribu, akina mama wakaja na masega yao na vitenge vya sare, wakaimba kwanza, wakaomba, nikapiga jeki. Asali ikatiririka nzuri, ya dhahabu, vigelegele. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuendesha kijiji, akachovya kidole, akalamba, akafunga macho. Tukasubiri.

"Mzee," akasema, "nyuki wako unawafuga wapi? Gereji?"

Jeki ilikuwa imevuja. Asali yote ilinuka mafuta ya breki. Mtani alilala chini kabisa, chali, anapiga miguu kwa kicheko, na akina mama, badala ya kunionea huruma, wakaanza mmoja mmoja kucheka naye. Nikawa mzaha wa soko zima. Wiki nzima nikipita watu wananiuliza kama ninayo asali ya dizeli au ya petroli.

Na aliyeniokoa ni huyo huyo. Alikwenda mwenyewe kwenye lundo, akachakura nusu siku, akarudi na skrubu nene ya vaisi moja kubwa ya kubania vyuma, iliyovunjika taya. "Weka hii," akasema. "Haina mafuta, haina siri. Unazungusha kama unafungua mtungi." Tukaisafisha, tukaichemsha kwenye maji ya majivu, tukaipima, tukaifungia juu ya fremu. Akaniambia na pipa liinuliwe kidogo ili mama asiiname. Mimi nilifua na kupatanisha. Yeye alifikiri. Ndiyo ukweli, na kwa nini nisiuandike, nani atakuja kunivua cheo sasa. Mashine ile ilifanya kazi. Ilikamua masega ya debe zima mtu akiwa anasimulia hadithi fupi, na asali ikanuka asali.

Habari zikatembea. Zikafika kwa watu wa mradi.

Watu wa mradi unawajua kwa vizibao. Vizibao vyenye mifuko kumi na minne, na yote mitupu, maana kila wanachohitaji wanakiomba hapo hapo: kiti, maji, soketi ya kuchajia. Walikuja watatu kutoka Dar, na gari safi. Walikuwa wanazunguka nchi kutafuta wabunifu wanaotumia vyuma chakavu. Mkubwa wao alikuwa mwanamume mwenye kitambi cha wastani, aliyesema "changamoto" kila aliposhusha pumzi. Alikuwepo dada mmoja mwenye kishikwambi, mpole, mwenye adabu nyingi, na kijana wa kamera. Majirani walipanda juu ya matofali kuchungulia uani. Mke wangu alitoa kiti cheupe cha sebuleni, kile ambacho hata mimi sikikalii. Nikakalishwa mimi.

"Shikamoo mzee," dada akasema. "Wewe ndiye mbunifu?"

Jamani. Nimeitwa fundi, nimeitwa mzee skrepa, mke wangu ananiita majina ambayo Kiswahili hakina. Mbunifu sikuwahi kuitwa. Neno lile liliingia mwilini kama chai ya tangawizi. Nikajinyoosha kwenye kiti.

Mtani alikuwa palepale kwenye moto, na nyundo yake mkononi, kwa sababu walitaka kutupiga picha tukifua. "Mbunifu?" akasema. "Huyu? Huyu alibuni bega bovu, basi. Mwulizeni kuhusu asali ya dizeli!"

Majirani wakacheka juu ya matofali. Wageni hawakucheka. Mkubwa wao alimtazama mtani kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia kwenye mkutano.

Dada akaendelea. "Nahitaji jina la mbunifu. Moja tu."

"Tuko wawili," nikasema. Nilisema. Hilo nilisema, na mke wangu ni shahidi.

Akabonyeza, akabonyeza, akakunja uso. "Mfumo haukubali, mzee. Kuna nafasi moja."

"Niandike mimi, dada yangu!" mtani akapaza sauti. "Huyu Mnyamwezi mwandike kwenye mizigo! Ni mtumwa wangu, nilimwokota njiani!"

Dada akashtuka. Alikuwa mtoto wa watu, nadhani amelelewa mahali ambapo watani wote wameshahamia ghorofani, hawajuani. Akainama karibu na sikio langu. "Mzee, samahani. Huyu anakudhalilisha? Kama hujisikii vizuri, tunaweza kumwomba atoke nje."

Sasa hapo palikuwa na kazi ndogo ya kufanya. Kila mtu pale uani aliijua, hata kuku. Nilitakiwa nigeuke nimrudishie. Neno moja tu, mla nazi, mwizi wa kofia, chochote. Mtani alikuwa ananitazama, meno yote nje, nyundo begani, amekaa tayari kupokea kama mchezaji anayengoja mpira. Zamu ya tusi ilikuwa yangu.

Lakini nilikuwa kwenye kiti cheupe. Mkubwa mwenye kizibao alikuwa ananitazama, kamera ilikuwa imefunguka jicho, na nilikuwa mbunifu tangu dakika tano zilizopita. Nikaona aibu. Nilimwonea aibu mtu aliyenifanya mhunzi. Nikasafisha koo, nikatafuta Kiswahili changu cha kanisani, nikasema polepole:

"Msimjali, mwanangu. Ni kibarua tu. Hunisaidia kubeba vyuma."

Nimemwita mtu yule mbwa, mwizi, mzigo, mzoga wa pwani. Nimemwambia babu yake alizaliwa akiwa amelala. Miaka kumi na moja, na hakuna neno lililomgusa, kwa sababu yote yalikuwa ya uongo na sote tulijua. Hili nililisema kwa upole, na bila kicheko, na nilitaka waniamini. Meno yake yakarudi ndani. Mke wangu aliyekuwa analeta maji akasimama na jagi.

Dada aliandika. Nilimwona akiandika. Mbunifu, mmoja. Kibarua, mmoja. Hapo mfumo ulikubali.

"Basi tupate picha ya kazi," mkubwa akasema.

Nikainuka kwenye kiti, nikaenda motoni. Kilichobaki kufua kilikuwa mkono wa kuzungushia ile skrubu, wa zamani ulikuwa mfupi. Nikatoa chuma, chekundu, nikakiweka kwenye fuawe, nikagonga kuonyesha mahali. Akapiga. Alipiga pale pale, sawasawa, kwa nguvu ileile. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Haya, mla nazi." Akapiga. Nikagonga tena, nikasema jingine, nadhani nilisema kuhusu ngoma, sauti yangu ilikuwa inatafuta mlango. Akapiga. Ulisikika mlio wa chuma tu, na mlio wa kamera. Kijana wa kamera alifurahi sana, alisema mwanga uko vizuri.

Alimaliza kazi. Hakuacha mkono ule umepinda. Aligeuza nyundo, akaupapasa mkono ule kwa mapigo madogo mpaka ukanyooka, akaningoja niuzamishe kwenye maji. Kisha akaisimamisha nyundo kando ya gogo. Akavua aproni yake, ile ya mpira wa ndani wa tairi la trekta, akaitundika. Akanawa mikono kwenye ndoo, taratibu, hadi viwiko. Wageni walikuwa wanakunja nyaya zao, hawakuona kitu.

Akaja mbele yangu. Mtu huyu hakuwahi kunisalimia kwa adabu hata siku moja, mtani hafanyi hivyo, salamu yake asubuhi ilikuwa "Hujafa tu?" Akainamisha kichwa, akakunja goti kidogo, kama kijana mbele ya mkwe.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Ningeweza kumtukana hata hapo. Ningeweza kumtemea mate. Angekubali, najua angekubali. Lakini mdomo wangu, mdomo huu wa kizee uliozoea kupokea heshima, ulijibu wenyewe kabla sijaukamata.

"Marahaba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichofuata. Akapita katikati ya wale wenye vizibao, akawapisha kwa adabu, akatoka kwa mlango wa uani. Nilimwona akiipita nyumba ya jirani, akiupita mtaa wake mwenyewe bila kukata kona, akishika barabara ya stesheni. Hakugeuka, na hakurudi.